Sauti ya Tatu

"Mama, umeliona bango?"

Binti alikuwa bado mlangoni, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Alikuwa ametoka saluni mbio mbio, na vipande vya nywele za wateja vilikuwa vimeganda kwenye aproni yake.

"Bango gani?"

"La kanisani! Mchungaji amelitundika langoni leo. Kubwa kama shuka. Wameweka picha yako ile ya gauni la kumetameta. Limeandikwa, Chiriku arudi kuimba. Ibada ya shukrani, watu wote mnakaribishwa. Mama, watu wanasimama wanapiga picha!"

Mama yake hakugeuka. Aliendelea kukoroga sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa.

"Safari hii nitakaa mbele," alisema Bibi kutoka kwenye kiti chake cha dirishani. Alikuwa mama mzazi wa baba wa nyumba hiyo. Macho yalikuwa yameanza kumwacha, lakini ulimi ulikuwa mzima. "Siku ile ya uwanjani mlinikalisha nyuma ya mwanaume mwenye kofia. Mkwe wangu anaimba, mimi natazama kofia."

"Kanisani hakuna jukwaa, Bibi."

"Kuna madhabahu. Nako ni juu vilevile."

Chiriku alicheka pamoja nao, kisha akasema anakwenda kuanua nguo. Kambani hakukuwa na nguo. Alisimama uani nyuma ya tangi la maji, akafumba macho, akajaribu wimbo wake mwenyewe, ule uliowahi kupigwa katika kila redio na kila harusi. Ulianza vizuri, chini chini. Ulipofika pale panapopanda, sauti ilikatika kama bomba lililokosa maji. Kwanza mkwaruzo, halafu upepo mtupu.

Akajaribu tena. Upepo.

"Iache ipumzike," alisema mumewe.

Alikuwa amesimama kwenye mlango wa karakana yake, chumba kidogo cha uani alimotengenezea redio na spika za watu. Mtaa mzima ulimwita Besi. Wengi hawakujua jina hilo lilitoka wapi, kwa kuwa miaka yote ambayo mkewe alisimama mbele kwenye taa, yeye alisimama nyuma yake gizani na gitaa la besi, na hakuna anayemtazama mpiga besi.

"Ipumzike mpaka lini? Daktari alisema nini?"

Besi alijua, maana naye alikuwepo. Daktari aliwaambia wao wawili tu. Tezi la shingoni limetoka salama, lakini mshipa wa sauti umeguswa. Utaongea, mama. Ukitaka utaimba, lakini chini. Kule juu usikutegemee tena. Walirudi nyumbani wakawaambia wengine kwamba sauti inapumzika, na tangu siku hiyo kila mtu alikuwa akiisubiri kama mtu anayesubiri mgeni aliyekwisha kupanda basi.

"Nilimwahidi," alisema Chiriku. "Nikiwa juu ya kile kitanda cha magurudumu, taa za dari zinanipita moja moja, nilimwambia Mungu, ukinitoa humu salama, sauti hii ni yako, nitakuimbia mbele za watu. Amenitoa. Sasa nimwimbie na nini?"

Besi alifikiri.

"Ulimwambia sauti ni yake," alisema. "Huenda ameshaichukua."

Chiriku alimtazama kwa hasira, kisha kicheko kikamponyoka, kicheko kibaya cha kukwaruza, na katikati ya kicheko hicho akaanza kulia. Besi aliweka koleo chini, akamshika bega.

Kwa mwanamke huyu nadhiri haikuwa jambo la mchezo. Enzi za umaarufu alitoa ahadi nyingi, kwa mapromota, kwa waandishi wa magazeti, kwa marafiki wa meza ya mbele, na nyingi zilianguka njiani bila yeye kugeuka nyuma. Hii aliitoa akiwa amelala chali, bila shahidi. Ndiyo maana alitaka kuitimiza.

*

Siku chache baadaye alipita saluni kumpelekea binti chakula cha mchana. Alijifunga kitambaa shingoni kufunika kovu. Hakuwa amemaliza kuweka chombo mezani, mwanamke mmoja mwenye rola kichwa kizima aliruka kutoka kwenye kiti.

"Ni wewe? Ni wewe kabisa? Jamani! Dada yangu ataruka kitandani! Anaumwa mgongo, hatoki nje, anaishi na nyimbo zako tu. Ngoja. Ngoja hapo hapo."

"Dada, nina haraka kidogo..."

"Dakika moja, mama yangu, usininyime." Simu ilikuwa tayari hewani, sauti imefunguliwa hadi mwisho, imesogezwa mbele ya mdomo wa Chiriku. "Dada! Shika moyo wako. Niko na Chiriku hapa. Chiriku mwenyewe! Mama, mwimbie. Mstari mmoja tu."

"Hujambo, dada," alisema Chiriku. "Pole kwa kuugua."

"Nani huyo?" iliuliza simu.

"Si nimekwambia? Chiriku!"

"Acha utani wako. Huyo ni mwanaume."

Saluni nzima ilisikia. Mashine ya kukaushia nywele ilizimwa, na msichana aliyekuwa akisukwa aligeuza kichwa pamoja na mikono ya msusi.

"Ni mafua," alisema Binti haraka. "Mama ana mafua."

"Basi aimbe hivyo hivyo na mafua yake," ilisema simu. "Mimi mwenyewe naumwa."

"Siku nyingine, dada," alisema Chiriku. "Nakuahidi."

Mwenye rola alirudisha simu kifuani taratibu. "Sawa, mama. Mastaa mna mambo yenu." Chiriku alipokuwa ameshatoka, akiwa bado kwenye kizingiti anatafuta viatu vyake, alimsikia akiendelea: "Anaringa tu. Kanisani ataimba kwa kuwa kuna kamera. Sisi wengine tunapewa pole kwa kuugua."

*

Jioni Binti alikaa mbele ya mama yake, magoti yakagusana.

"Mama, niambie ukweli. Hayo ni mafua?"

Chiriku alimtazama mumewe, naye akainua mabega. Basi akasema yote, mshipa na daktari na nadhiri, kwa sauti ile ile iliyoitwa ya mwanaume. Bibi alikuwa amesinzia kwenye kiti chake, au alijifanya amesinzia.

Binti alilia kidogo. Kisha alijifuta, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi za mikono, mara moja alitafuta pa kushika.

"Mbona ni jambo dogo? Baba ana nyimbo zako zote. Kuna ule wa sifa. Tunauweka kwenye spika za kanisa, mama anasimama na maikrofoni iliyozimwa, anafungua mdomo tu. Wasanii wote siku hizi wanafanya hivyo. Nani atajua?"

"Mungu atajua," alisema Chiriku.

"Kwani Mungu haijui sauti yako ya zamani?" Bibi alisema, macho bado yamefumbwa. "Aliitengeneza yeye. Akiisikia atafurahi."

Hakuna aliyemwelekeza Besi, lakini alikuwa ameshainuka. Yeye mwenyewe hakutaka mkewe aaibike tena, na kuunganisha spika ilikuwa kazi aliyoimudu kuliko kusema maneno ya faraja. Alileta amplifaya, akachomeka flashi. Wimbo wa sifa ulijaa sebuleni.

Chiriku alisimama katikati ya chumba na mwiko mkononi badala ya maikrofoni. Sauti ya msichana ilitoka ukutani, nyembamba, safi, ikapanda pale juu bila hata kujikaza. Alifungua mdomo pamoja nayo. Maneno aliyajua. Mikono iliinuka yenyewe kama zamani, na Bibi akapiga makofi.

"Hapo sasa! Huyo ndiye mkwe wangu!"

Lakini yule msichana wa kwenye spika hakupumua mahali anapopumua mwanamke huyu. Kila alipotaka kuvuta pumzi, msichana aliendelea kuimba. Mara mbili alifumba mdomo huku wimbo unaendelea. Mara ya tatu alishusha mwiko.

"Zima."

"Mama, tukirudia mara kadhaa utazoea..."

"Zima, mwanangu. Huu wimbo nilirekodi kwa sababu mwenye studio alisema nyimbo za dini zinauzika mwisho wa mwaka. Sikuwa hata ninasali. Nilitoka studio nikaenda kwenye sherehe. Siwezi kumpa Mungu kitu nilichokwisha kumuuzia mtu mwingine."

"Kwani Mungu atadai risiti?" aliuliza Bibi.

"Hatadai, mama. Ndiyo maana siwezi."

Besi alichomoa flashi, akaitia mfukoni. Alipokuwa akikunja waya, alipiga mluzi.

*

Kwaya ilifanya mazoezi katika darasa la watoto nyuma ya kanisa, kwenye mabenchi mafupi yaliyowafanya wanaume wazima wakae magoti kidevuni. Mwalimu wa kwaya alikuwa mwanamke kijana, mfupi, mkali wa kazi. Utotoni alijifunza kuimba kwa kuiga nyimbo za Chiriku mbele ya kioo, na alipomwona akiingia mlangoni alisimama wima kama mwanafunzi.

"Mama, umekuja kutusikiliza?"

"Nimekuja kuomba nafasi. Nijaribu."

"Kukujaribu wewe? Hapana, mama. Wewe utaongoza. Tumekuachia beti zote."

"Mwalimu, nijaribu kama unavyowajaribu wengine."

Mwalimu alibonyeza kinanda. Akaanzia sauti ya kwanza, ile inayobeba wimbo wenyewe, wanayoimba wasichana. Chiriku aliimba, ikakatika. Mwalimu alimeza mate, akashuka hadi sauti ya pili, ya akina mama. Ilikwenda kidogo, ikakwama. Akashuka tena. Na hapo, chini ya mahali popote alipowahi kuimba maishani, sauti ilikaa. Ilikuwa nzito, ina mkwaruzo, lakini haikutikisika.

"Ni shingo, mama?" Mwalimu aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ni shingo. Haitarudi. Hii niliyo nayo inaitwaje?"

"Sauti ya tatu."

"Wanaiimba akina nani?"

Mwalimu aliona haya kujibu. Alionyesha tu kwa mkono. Kwenye benchi la tatu walikaa wanaume, na katikati yao Bucha, muuza nyama wa sokoni, mtu mwenye kifua kama pipa. Wasichana wa mbele walifunika midomo. Mmoja alinong'ona, "Malkia na walinzi wake," na kicheko kikapita benchi lote.

Bucha alijisogeza, akapangusa nafasi kwa kiganja.

"Karibu, mama. Kaa hapa katikati. Huku tunanukia kazi, lakini hatujawahi kumfukuza mtu."

Mwalimu alichagua wimbo wa shukrani ambao kila mtu kanisani aliujua tangu utotoni. Walianza. Mistari miwili ya kwanza ilikwenda vizuri. Katika mstari wa tatu wimbo unapanda, na wasichana walipopanda, Chiriku alipanda nao, akakatikia njiani.

Mwalimu aligonga kinanda. "Sauti ya tatu, kuna mtu anavutwa. Tubaki chini. Tena."

Walirudia. Alipanda tena. Hakutaka, lakini tangu akiwa binti mdogo hakuwahi kuimba kitu kingine isipokuwa wimbo wenyewe. Wengine ndio waliomfuata yeye. Sikio lake likisikia wimbo unakwenda, lilidhani linaitwa.

"Tena."

Mara ya nne Mwalimu aliinua mikono yote miwili. "Sasa mmekuwa wawili!"

"Mama ananivuta," alilalamika Bucha. "Mimi nilikuwa nimetulia. Akapanda, nikadhani tumeambiwa tupande."

Darasa liliangua kicheko, na Chiriku naye alicheka. Lakini alipofika nyumbani aliingia moja kwa moja karakanani, akakaa juu ya redio mbovu.

"Nimejaza viwanja," alimwambia mumewe. "Leo nimeharibu kwaya ya mtaani. Sijui kuimba, Baba. Najua kuimbiwa nyuma, basi."

Besi alizima pasi ya kuchomea nyaya. Alitoka, akarudi na kitu kirefu kilichoviringishwa kwenye blanketi. Kilikuwa juu ya kabati la nguo kwa miaka mingi, na binti yao aliwahi kudhani ni pasi ya nguo ya kizamani na meza yake. Alikifungua. Gitaa la besi lilikuwa na vumbi, lakini nyuzi zote nne zilikuwepo.

"Hukuliuza?"

"Nani angenunua?" Alichomeka waya, akakaza nyuzi, akapiga sauti moja nzito iliyotikisa misumari kwenye makopo. "Nikuulize. Miaka ile yote jukwaani, ulikuwa unanisikia?"

Alifikiri kwa uaminifu. "Hapana. Mara moja nilikusikia, nikamwambia fundi mitambo, mpunguze huyo besi, ananimeza."

"Nakumbuka. Akanipunguza."

"Ulichukia?"

"Siku mbili. Kisha nikaona kwamba siku nikikosea, wewe unayumba, na hujui kwa nini unayumba. Nikajua niko wapi." Akapiga tena ile sauti. "Sikiliza. Shida yako unausikiliza wimbo. Wimbo una watu wake, waache waende nao. Wewe shika pako. Wakipanda, usiwatazame. Hukubaki nyuma, umebaki chini, na mtu wa juu anahitaji mtu wa chini asiyeondoka."

"Nitajuaje kama sijaondoka?"

"Mguu." Kisigino chake kilipiga sakafu, taratibu, bila pupa. "Sikio litakudanganya, litataka kwenda kwenye sherehe. Mguu haudanganyiki. Anza."

Aliimba sehemu yake. Besi hakuipiga, aliupiga wimbo wenyewe kwa kidole kwenye nyuzi nyembamba za juu, ili kumjaribu. Alivutwa. Walirudia. Alivutwa tena, akatukana kidogo, akaomba msamaha kwa Mungu, wakarudia. Kuanzia siku hiyo, kila alasiri wateja waliokuja kuchukua redio zao waliambiwa wasubiri nje. Binti akirudi kazini aliimba sauti ya kwanza huku akisimama karibu na sikio la mama yake, kwa ukorofi, na Bibi alipiga kelele kutoka dirishani kila aliposikia kosa, hata mahali ambapo halikuwepo.

Kabla ya Jumapili alikwenda kwa Mchungaji, akamweleza.

Mchungaji alikuwa mtu mwema, na alitundika lile bango kwa moyo safi. Alishika kichwa. "Mama, nimealika watu. Nimewaambia utaimba. Watasema nimewadanganya."

"Nitaimba."

"Lakini benchi la tatu? Hawatakuona. Hawatakusikia!"

"Mchungaji, nilimwahidi mmoja tu, naye anasikia vizuri. Wengine nitawaeleza mwenyewe. Bango liache. Ile picha ilipigwa siku nzuri."

*

Kanisa lilijaa hadi kwenye madirisha. Walikuja waumini, walikuja na watu ambao mara ya mwisho kuingia kanisani ilikuwa harusini. Simu ziliinuliwa kabla hata sala ya kufungua haijaisha. Bibi alikaa mbele kabisa kama alivyoapa, na Besi kando yake ndani ya koti lililombana mabegani. Katikati, mwanamke wa saluni alikuwa amefika bila rola, nywele zake zimekaa vizuri.

Chiriku alipoitwa, makofi yalirindima kama mvua juu ya mabati. Alivaa sare ya kwaya, nyeupe na buluu, kama ya wengine. Alipanda madhabahuni, akafungua kitambaa shingoni, akakikunja, akakishika mkononi. Kovu lilionekana hadi nyuma.

"Bwana asifiwe," alisema kwenye maikrofoni.

Hakuna aliyeitika. Walikuwa wameshtushwa na sauti.

"Mmesikia wenyewe," aliendelea. "Ile sauti mliyoijia nilikuwa nayo. Niliitumia vizuri mara nyingine, mara nyingine vibaya, na imekwisha. Nilipokuwa kwenye kitanda cha hospitali nilimwahidi Mungu kwamba nitamwimbia. Sikuweka wazi ni sauti ipi, naye hakuniuliza. Hii ndiyo niliyobakiwa nayo, na leo naitoa. Nitakuwa pale nyuma, kati ya akina baba. Asiyeniona asijali. Nashukuru kwa kuja."

Akashuka, akapita mbele ya wasichana wa sauti ya kwanza, akaingia kwenye nafasi aliyoachiwa na Bucha. Minong'ono ilipita mabenchi. "Ndiyo hivyo tu?" mtu aliuliza wazi. Watu wachache karibu na mlango waliinuka, wakatoka, na mmoja alisikika akisema kwamba amepoteza siku. Chiriku aliwatazama wakitoka. Aliwahi kuona uwanja mzima ukimshangilia akiwa ndani amechoka na mtupu. Leo walioondoka walikuwa wachache, na ndani yake hakukuwa na utupu wowote.

Mwalimu aliinua mkono. Wimbo wa shukrani ulianza.

Mstari wa kwanza alikuwa imara. Wa pili pia, Bucha akinguruma begani kwake. Lakini huo ulikuwa wimbo wa utotoni wa kila mtu, na jambo ambalo halikutokea karakanani wala darasani lilitokea sasa. Kanisa lote lilisimama na kuimba. Mamia ya watu, wote sauti ya kwanza. Walipofika mstari wa tatu walipanda kwa pamoja, na ule upandaji ulimjia kifuani kama wimbi, ukamshika mahali pale pale alipozoea kushikwa maisha yake yote. Mdomo wake ulianza kufunguka kuwafuata. Alimtafuta mumewe kwa macho, lakini mbele yake wasichana wa kwaya na kanisa lote walikuwa wamesimama, mikono iko juu, hakuona hata koti.

Basi akatazama chini. Ndani ya kiatu cheusi cha sare, kisigino chake kilikuwa kinapiga sakafu, taratibu, bila pupa. Kilikuwa kimeanza chenyewe, hakujua tangu lini.

Akabaki chini. Kanisa lilikwenda juu, naye akakaa pale pale, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kuimba alisikia wimbo ukiwa juu yake. Ulikuwa mzuri. Hakujua kwamba ni mzuri hivyo kutokea huku.

Bucha alimtazama kwa pembe ya jicho, akatabasamu bila kuacha kunguruma.

*

"Mimi sikukusikia hata kidogo," alisema Bibi uwanjani baada ya ibada, mkono wake umeshikwa na Besi. "Nimekaa mbele, sikuona kofia, sikusikia mkwe. Sasa hata sijui lipi ni bora."

"Mimi nilimsikia," alisema Besi. "Mstari wa tatu alitaka kuondoka."

"Nikaondoka?" aliuliza Chiriku.

"Ungeondoka ningekuwa nakucheka sasa hivi."

Binti alikuja akimvuta mtu kwa mkono. Alikuwa mwanamke wa saluni, kichwa ameinamisha.

"Mama, nakuomba radhi. Siku ile nilisema unaringa."

"Nilisikia."

"Ulisikia?"

"Kilichoumia ni koo, dada. Masikio mazima." Chiriku alimshika mkono. "Mgonjwa wako anaendeleaje? Niliahidi kumwimbia. Mpigie."

Mwanamke alipiga, akafungua sauti, akaishika simu kwa mikono miwili.

"Nani?" iliuliza simu.

"Ni yule mwanaume wa saluni," alisema Chiriku.

Polepole, simu ikauliza, "Chiriku? Ni wewe kweli?"

"Ni mimi. Nilipasuliwa shingo, sauti yangu sasa ndiyo hii. Sikiliza, nakupa mstari wako."

Akaimba sehemu yake, ile ya benchi la tatu, peke yake, katikati ya uwanja wa kanisa, watu wakipita na viti vichwani. Bila wimbo juu yake ilikuwa kama ngazi isiyoegemezwa popote.

"Mama yangu, usinichukie," ilisema simu, "lakini huo wimbo siujui."

"Unaujua tangu utotoni. Hiyo ni sehemu yangu tu. Sehemu ya juu unayo wewe."

"Mimi? Miezi yote hii nimelala. Hata kusema nachoka. Siwezi kuimba."

"Hata mimi nilisema hivyo. Anza wewe, taratibu. Mimi niko chini yako."

Simu ilipumua. Halafu sauti ilianza, nyembamba, ya mtu aliyelala chali, ikipinda huku na huku, lakini wimbo ukatambulika mara moja. Chiriku akaingia chini yake. Mwanamke wa saluni alianza kulia bila kusogeza simu. Besi alisimama na mikono nyuma kama alivyosimama miaka yote, na kisigino chake kikaanza kupiga changarawe.

Walifika mstari wa tatu. Mgonjwa alisita, akavuta pumzi, akapanda. Ilikwaruza, ilitaka kukatika, ikapita, ikafika juu.

Chiriku hakumfuata. Alibaki pale pale, akamshikilia.